Jedwali likukumbushe kuagiza mzigo kabla rafu haijabaki tupu
Kwenye Excel au Google Sheets weka kwenye safu B baki ya stoo, C wastani wa mauzo kwa siku, D siku za mzigo kufika, E akiba. Kisha F2: =IF(B2<=C2*D2+E2,"AGIZA",""), uiburute hadi chini. Sukari ikitoka kilo 6 kwa siku, mzigo ukichukua siku 3 na akiba ni kilo 6, neno linatokea baki ikifika 24. Mzigo unaingia akiba haijaguswa. Ukishaagiza, jumlisha kwenye B kilicho njiani, la sivyo utaagiza mara mbili. Hesabu hii inakwama pale bidhaa za kupima na za mkopo zisipoandikwa (hapo ndipo wengi huteleza). Ramadhani ikikaribia, pandisha C mwenyewe. Wastani wa wiki zilizopita hauijui.