Jinsi ya kujua panya wa mistari analala na nani, na msimu gani wanaachana

Panya wengi ukitaka kuwachunguza unakesha na tochi halafu unaambulia mkia tu, ila huyu mwenye mistari minne mgongoni, Rhabdomys pumilio, anazunguka mchana kweupe, ndo maana watafiti wamemng'ang'ania miaka na miaka pale hifadhi ya Goegap karibu na Springbok, Afrika Kusini.

Kwanza ruhusa ya hifadhi. Halafu beba darubini, daftari na koti zito.

Kosa la wengi ni kwenda saa nne asubuhi, saa hiyo washatawanyika kutafuta msosi, maana hawa wanalala pamoja lakini kila mtu anakula kivyake, utasema hawajuani kabisa. Wewe fika jua halijatoka, kaa mbali kidogo na kichaka chao, tulia. Jua likipiga wanatoka mmoja mmoja, wanaota jua wamebanana, wanachambuana manyoya, hapo ndo uhesabu na uandike nani kamgusa nani. Jioni rudi palepale uone nani karudi kulala. Waliolala kichaka kimoja ndo familia, kwa kawaida dume mzazi mmoja, majike wawili mpaka wanne, na watoto waliokua wakagoma kuhama, mwaka wenye panya wengi utakuta hata 30.

Kuwatofautisha, watafiti wanawapaka rangi nyeusi ya nywele, ndo hiyohiyo ya saluni, na kuwatoboa hereni ndogo. Kama huna kibali usiguse mnyama, shika alama kama sikio lililochanika au mkia uliokatika.

Sasa msimu, hapa usikurupuke. Nenda Januari au Februari, halafu rudi Septemba kichaka kilekile. Kule mvua ni za majira ya baridi, kwa hiyo majani na kuzaana vinaanza Agosti, Septemba hivi. Kiangazi hakuna chakula, hawazai, hakuna cha kugombania, wanabanana usiku kupashana joto basi. Kuzaana kukianza mambo yanabadilika, jike akipata kichaka kitupu anahamia peke yake, maana wakizaa nyumba moja majike wanaweza kuuana watoto, na madume nao wanaondoka kwenda kutafuta wenza. Ila kama kila kichaka kina mwenyewe wanabaki palepale wamebanana, kama sisi Dar kodi ikitushinda tunabaki kwa mama. Kwa hiyo usihesabu panya tu, hesabu na vichaka vitupu, bila hiyo namba utadhani wanapendana kumbe wamekosa pa kwenda.

Na jamaa zao wa nyasi, mashariki mwa Afrika Kusini, wanaishi kila mtu kivyake. Ukoo huu upo mpaka nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ukimwona mmoja huko kwetu usikae asubuhi nzima ukingoja familia itoke.