Nyasi za begani, mizizi na maji: jinsi ya kukagua ukingo wa barabara ya lami

Somo hili ni la wasimamizi wa vikundi vya matengenezo ya barabara, ambao kila msimu huambiwa "safisheni pembeni" bila kuelezwa wanachokitafuta. Majani hayaili lami. Kinachoiharibu ni maji ambayo majani huyazuia yasitoke, au ambayo mizizi huyanyonya kutoka kwenye udongo unaovimba na kusinyaa.

Hatua ya kwanza ni kuchagua siku. Kagua asubuhi inayofuata mvua kubwa, kwa kuwa barabara kavu huficha ugonjwa wake. Beba rula ya fundi ya mita 2, futi na kipande cha nondo.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye kazi, ni kukagua mahali lami inapokutana na bega, yaani ukanda wa kando ya lami. Kwa kawaida lami huteremka takriban asilimia 2.5 kutoka katikati, yaani kwenye njia ya upana wa mita 3.5 ukingo huwa chini kwa karibu sentimita 9 tu. Nyasi za ukingoni hunasa mchanga unaosombwa na mvua, huota juu yake, hunasa tena, na baada ya misimu michache huwa zimejijengea kituta. Nimewahi kupiga magoti na kulaza rula kutoka kwenye lami kwenda begani: ncha yake ilikalia ukoka ulioinuka sentimita 5 juu ya lami, na chini ya rula palikuwa na maji membamba yaliyofuata ukingo kama utepe. Nondo niliyoikita hapo begani ilizama kwa mkono mmoja. Hatua chache mbele, ambapo maji yalikuwa na upenyo wa kutokea, iligota mara moja.

Hatua ya tatu, chonga kituta hicho kwa jembe mpaka bega liwe chini kidogo ya lami na literemkie mtaroni, kisha zoa udongo wote. Vikundi vingi huutupa mtaroni, na hapo kazi yote huwa bure. Nyasi za kwenye mteremko wa tuta lililobeba barabara zifyekwe tu, zising'olewe, maana mizizi yake ndiyo inayoshika udongo.

Hatua ya nne, zibua mitaro na makalavati.

Hatua ya tano, soma nyufa. Ufa mrefu unaofuatana na ukingo na kupanuka kiangazi, hasa penye miti, huashiria udongo unaosinyaa. Nyufa za mtandao kama ngozi ya mamba, zikiwa kwenye mapito ya magurudumu, huashiria uzito mkubwa, msingi uliolainika, au vyote viwili.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, huku kwetu Shinyanga udongo ni mweusi wa mbuga, na miarobaini imepandwa karibu na lami iliyopasuka. Tuikate?

Jibu: Msianze na shoka. Mti mkubwa ukikatwa ghafla, udongo huo hurudisha unyevu, huvimba na unaweza kuinua lami. Anzeni kwa kuziba nyufa na kupunguza matawi, halafu mhandisi apime. Miti mipya ipandwe mbali na lami kwa umbali usiopungua urefu itakaoufikia ikikomaa.

Swali: Je, dawa ya kuua magugu si nafuu kuliko kufyeka?

Jibu: Ni nafuu msimu wa kwanza. Mteremko ukibaki mtupu, mvua hula bega, na dawa husombwa hadi kwenye vyanzo vya maji.

Swali: Ndugu mwalimu, mbona unalaumu nyasi wakati malori ndiyo yanayoharibu?

Jibu: Malori siyatetei. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli (mhimili wa magurudumu) moja yenye matairi manne. Kwa kanuni ya kipeo cha nne inayotumiwa na wahandisi, yaani uwiano wa uzito hupandishwa kwa kipeo cha nne ili kupata uwiano wa uharibifu, ekseli ya tani 12 huharibu takriban mara mbili ya ile ya tani 10. Lakini hata lori lililopita mizani kihalali huvunja ukingo ambao msingi wake umelowa, ndiyo maana nawaomba mtembee na nondo.