Tableti kuukuu ikianza kujifunga programu

Tableti yetu hapa Jinja ni ya siku nyingi, RAM yake (kumbukumbu ya kuendeshea programu) GB 1 tu, na watoto bado wanasomea. Programu zikianza kujifunga zenyewe, usikimbilie kuirudisha katika hali ya kiwandani kama mafundi wengi wanavyopenda kushauri. Angalia kwanza nafasi iliyobaki. Hifadhi ikijaa, Android hukosa pa kuandikia faili zake za muda, na programu huanguka ovyo. Kwetu mchawi alikuwa video za WhatsApp za kundi la ukoo: harusi, mazishi, mahubiri, zote zimo!

Halafu ingia Mipangilio, Programu, chagua ile inayosumbua, ufute kache, yaani faili za muda za programu hiyo. Kache, si data. Ukifuta data ya WhatsApp na hukuweka nakala pembeni, mazungumzo yako kwaheri.

Zikijifunga nyingi kwa mkupuo, shuku Android System WebView, kijiprogramu kinachofungua kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine. Machi 2021 toleo lake bovu liliangusha programu za watu dunia nzima. Kisasishe; lakini kama shida ilianza baada ya kukisasisha, ondoa masasisho yake.

Facebook mimi nafungulia kwenye kivinjari, programu yake ni mzigo kwa RAM ndogo. Lakini tableti ikizimika yote huku betri inaonyesha asilimia 30, hapo mpelekee fundi: kuna uwezekano mkubwa betri imechoka.