Jinsi ya kumpanga siafu kwenye nusufamilia yake

Nafundisha biolojia huku Kadutu, Bukavu. Mvua ikianza tu, kuna mwanafunzi atakayeniletea siafu ndani ya kopo la maziwa ya unga: "Mwalimu, huyu ni wa kundi gani?" Namrudishia kopo lake. Atafute mwenyewe, hivi.

Mtie kwanza kwenye alkoli ya farmasi. Usimchezee akiwa hai: askari akishika shati, utamvuta mpaka mwili ukatike, kichwa kibaki kimeng'ata. Mlaze juu ya karatasi nyeupe, dirishani, mchana, maana umeme wa kartie yetu mnaujua. Lupu ya kukuza mara 10 inatosha.

Wengi hukimbilia kuhesabu vifundo vya kiuno. Si vibaya. Viwili, mara nyingi ni Myrmicinae. Kimoja, na ncha ya tumbo ina kitundu cha mviringo chenye vinyweleo, huyo ni Formicinae, warusha asidi. Ila kwa siafu kiuno kitakupoteza: Dorylus, jenasi ya siafu wetu, ana kifundo kimoja; Aenictus, jenasi ya ndugu zake, ana viwili; na wote wawili ni wa nusufamilia Dorylinae. Basi mgeuze, mtazame usoni. Kibarua wa Dorylus, yaani siafu mfanyakazi, hana macho kabisa. Papasi (zile antena) zimeota mbele, karibu na mdomo, na mashimo zinapoota yako wazi, hakuna mkunjo unaoyafunika.

Sasa andika: oda Hymenoptera, familia Formicidae, nusufamilia Dorylinae, jenasi Dorylus. Pigia mstari jenasi tu. Angalia miisho: -idae ni familia, -inae ni nusufamilia. Mimi niliandika "Dorylidae" ubaoni mwaka mzima, na hakuna aliyenisahihisha!

Ukikuta Aenictinae au Ecitoninae kwenye daftari la kaka yako, usigombane naye. Mwaka 2014 nusufamilia sita ziliunganishwa zikawa Dorylinae moja.

Bado dume. Huyo huja usiku kwenye taa, ana mabawa, macho makubwa na tumbo refu kama soseji. Hafanani na siafu hata kidogo. Shangazi humwita nyigu na kumfukuza kwa kandambili. Simcheki, kwani Linnaeus naye, yule mtaalamu wa kupanga na kutaja viumbe, mwaka 1764, alimwandika dume wa Dorylus kwenye jenasi ya nyigu, Vespa. Mwombe tu shangazi asimponde kichwa.