Wapelekeni watoto kwenye lundo lililo moto

Mtoto wa darasa la nne alichomoa kijiti kwenye lundo la mboji, akakigusa, akakiachia kikaanguka. "Bibi, mmewasha moto humu ndani?"

"Hakuna moto, mjukuu wangu. Kuna vijidudu humo, vinakula. Na wewe ukishiba si unapata joto?"

Tulikuwa Mgeta, kwenye miteremko ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, na klabu ya bustani ya shule moja ya msingi. Walimu walikwishawaandikia ubaoni maana ya mboji, na watoto walikwishaikariri. Lakini njia nzima ya kurudi hawakuzungumza kingine ila kile kijiti.

Kwa hiyo mwalimu au bwana shamba anayepanga ziara ya namna hii, aulize kwanza umri wa lundo. Lundo huwa moto kuanzia siku ya tatu hivi baada ya kupangwa au kugeuzwa, na joto la katikati hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Ukiwapeleka watoto kwenye mboji iliyokwisha kuiva, wataona udongo mweusi tu. Zungumza na mkulima mapema, wiki mbili kabla ikiwezekana, apange lundo lake kwa kuilenga siku yenu.

Kijiti chenyewe ni mti mnyofu uliochongwa ncha, unaochomekwa mshazari mpaka kiini cha lundo. Wafundisheni watoto kukisoma. Kikitoka na joto na unyevu kidogo, kazi inaendelea vizuri. Kikitoka kikavu na chenye utando mweupe kama unga, lundo lina kiu. Kikitoka baridi, kimelowa na kinanuka uozo, hewa haipiti: geuza, ongeza makavu. Harufu kali inayochoma pua kama ya mkojo maana yake samadi au majani mabichi yamezidi.

Halafu waacheni wapange lundo kwa mikono yao. Chini kabisa matawi na mabua ya mahindi, hewa ipite. Juu yake nyasi kavu, kisha majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi, majivu kidogo na udongo kiasi. Kila tabaka linyunyiziwe maji, ndipo mrudie. Kwa kila ndoo ya mabichi wekeni ndoo mbili au tatu za makavu. Mgeta wanafuga mbuzi wa maziwa, na kinyesi cha mbuzi ni vidonge vikavu vinavyochelewa kuoza. Kiloweke usiku kucha au kipondeponde kwanza. Watoto hupenda sana kazi ya kuponda. Nyama, mifupa, mafuta, plastiki na kinyesi cha mbwa au paka visiingie. Majani ya mikaratusi, ambayo shule nyingi zinayo tele, yapunguzwe, maana yanachelewesha uozaji.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni shule kurudi na kuanzisha kilundo kinachotosha beseni. Hicho hakipati moto hata siku moja, na watoto wanakata tamaa. Lundo likiwa chini ya mita moja kila upande, joto linatoroka. Anzeni na mita moja na nusu kwa upana na kimo, hata kama itabidi kila mtoto aje na kiroba cha majani kutoka nyumbani.

Usalama hauna mjadala. Viatu vya kufunika miguu, vidonda vifungwe, sabuni na maji viwe hapo hapo shambani. Lundo kavu lirushiwe maji kabla ya kugeuzwa, kwa sababu vumbi lake lina ukungu, na mwenye pumu asimame upande unakotoka upepo. Mtu mzima afunue kwanza kwa reki ya mpini mrefu, kwani nyoka hupenda joto la pale. Watoto kumi kwa lundo moja wanatosha. Wakizidi, wa nyuma hawaoni kitu.

Kwa Morogoro mimi huchagua Julai. Shule zinafunguliwa, mabua ya mavuno yamejaa mashambani, na hakuna mvua ya kuosha rutuba. Lundo la shule likigeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu na kufunikwa kwa majani ya migomba, mboji huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi, kwa wakati wa kuandaa matuta ya mchicha kungojea vuli.

Kazi ya kuchomoa kijiti ipangiwe zamu, Jumatatu na Alhamisi, na mwenye zamu aandike kwenye daftari la klabu neno moja tu: moto, vuguvugu au baridi.