Namna ya kuifuata njia ya misafara, Uvinza hadi Ujiji

Wageni wengi wanaokuja Kigoma kutafuta njia ya zamani huanzia stesheni, na hapo ndipo wanapopotea. Reli ilifika huku mwaka 1914, nayo inafuata mteremko unaofaa garimoshi. Mpagazi mwenye pembe ya ndovu begani alifuata maji, chakula na kivuko. Wewe mfuate mpagazi.

Anzia Uvinza, kwenye chemchemi za chumvi. Watu walikuwa wakichemsha chumvi pale karne nyingi kabla ya wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke kupita mwaka 1858, sembuse Mjerumani. Ukikuta vigae vya vyungu, vipige picha uviache palepale. Ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hata isingekuwepo ningekukataza mimi.

Kisha ulizia vivuko vya Malagarasi. Mto ule hauvukwi popote tu. Wenye mitumbwi walitoza ushuru, na mwaka 1871 mamba alimnyakua punda wa Stanley, mwandishi aliyekuwa akimtafuta Livingstone, wakati wa kuvuka.

Kaskazini mwa mto kuna vilima vya Uha, nchi ya Waha, na hapo ndipo pagumu. Njia ya miguu hupenda mgongo wa kilima, kisha hushuka moja kwa moja mahali kijito kinaporukika. Nenda Agosti, majani yakiwa yamekauka au yameungua. Asubuhi na mapema, jua likiwa bado chini, mfereji uliochimbwa na nyayo hujaa kivuli na kuonekana wazi. Saa sita mchana hutauona hata ukiukanyaga. Ila usilazimishe mstari mmoja kwenye ramani. Stanley alipochoshwa na hongo, yaani ushuru wa kupita, za watemi wa Uha, alitoroka usiku na watu wake wakapita porini. Njia zilihama kwa sababu za mfukoni.

Kwa wazee, shikamoo kwanza, haraka baadaye. Usiulize, "Barabara ya Mjerumani ilipita wapi?" Utaonyeshwa ile waliyoiona wenyewe enzi za Mwingereza, tena kwa moyo mweupe. Uliza hivi: "Babu, chumvi ilibebwa kwenda wapi? Wabebaji walilala wapi?" Majina ya makambi yataanza kutoka yenyewe.

Ujiji, tafuta miembe iliyopandwa kandokando ya njia. Mmoja peke yake si ushahidi, maana embe hupandwa na yeyote. Ukikuta safu ya miembe mikongwe, simama katikati, tazama inaelekea ziwani au milimani, kisha weka alama kwenye simu yako.