Kupanga ua wa nyumba Nyanda za Juu Kusini: jua kwanza, maji pili, maua yatafuata

Picha nyingi za bustani zinazozunguka kwenye simu zimepigwa Dar es Salaam au nchi za nje. Pale kila kitu ni kivuli: mwembe mkubwa, banda la makuti, viti chini yake. Mtu wa Mbeya anaipenda picha, anamwonyesha fundi, anajengewa vilevile. Juni ikifika hakuna anayekaa pale. Wageni wanaingizwa sebuleni na banda linageuka stoo ya mahindi. Huku kwetu jua tunalitafuta, hatulikimbii.

Naandika haya baada ya kumwelekeza dada mmoja wa Uyole kwa ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikaona ni heri niyaweke pamoja na wengine wayapate. Nachukulia nyumba ipo tayari, bikoni za kiwanja unazijua, na chemba na shimo la choo unajua yalipo. Kama hujui, waulize waliojenga kabla hujashika sururu.

Hatua ya 1: Tafuta pa kukaa

Usianze na maua wala nyasi. Anza na swali moja: saa kumi jioni mwezi wa saba, ni sehemu gani ya ua wako mtu anaweza kukaa bila koti?

Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo miezi ya baridi jua linapita upande wa kaskazini. Mbeya mwezi Juni, hata likiwa juu kabisa, linaegemea kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 30. Ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha karibu mita 2 upande wake wa kusini muda huo, na asubuhi na jioni kivuli kinarefuka zaidi. Ndiyo maana kibaraza cha kusini mwa nyumba kina ukungu wa kijani sakafuni na cha kaskazini kimekauka. Na kivuli hicho usikipime saa sita kamili. Tuko magharibi ya Dar es Salaam lakini saa tunatumia moja, hivyo Mbeya jua linafika juu kabisa karibu saa saba kasorobo.

Upepo nao una upande wake. Kuanzia Mei hadi Oktoba kusi inavuma kutoka kusini-mashariki, wakati jua la asubuhi linachomoza kaskazini-mashariki. Hapo ramani ya ua imeshajichora: sehemu ya kukaa iwe kaskazini mwa nyumba, nyumba yenyewe ikupe mgongo wa upepo, na kona ya kusini-mashariki izibwe kwa miti. Milima lakini inaugeuza upepo. Walio chini ya mlima Loleza, Mbeya, au kwenye miteremko ya Iringa wasiniamini mimi: wafunge vipande vya mfuko wa nailoni kwenye fito nne, kila kona ya kiwanja, waviangalie kwa wiki nzima.

Mama mmoja wa mtaa wa Forest, Mbeya, alinilalamikia, "Fundi, nimeweka viti vizuri kabisa na hakuna anayevikalia." Nikamwambia, "Mama, viti havina kosa, viko kusini." Tulivibeba tu mpaka upande wa pili wa nyumba. Hakulipia hata tofali.

Hatua ya 2: Mteremko na maji

Hapa ndipo watu wanapoteza hela, kwa hiyo nivumilieni.

Viwanja vyetu karibu vyote vina mteremko. Mvua zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei, na hazinyeshi kistaarabu. Piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 30 mchana mmoja linamwaga lita 3,000. Kama hakuna gata, maji hayo yote yanaanguka kwenye msingi wa nyumba, kisha yanatafuta njia kupitia bustani yako. Udongo wa Uyole na kuelekea Rungwe una majivu na mawe mepesi ya volkano, unanywa maji haraka lakini unabebeka haraka vilevile. Udongo mwekundu wa Iringa hauna haraka ya kunywa, maji yanateleza juu yake na kuchimba mifereji. Kote kuwili, ukiweka pevingi au nyasi kabla ya kuyapangia maji, msimu mmoja unatosha kukurudisha mwanzo.

*Kupima mteremko.* Usikadirie kwa macho, na zile programu za simu za kupimia usawa zinafaa kwa kutundika picha ukutani tu. Mwenye kipimo cha lesa ni sawa, lakini mimi bado natumia mpira wa maji. Nunua mpira mwangavu, mwembamba, mita 15 hivi, dukani kwa vifaa vya ujenzi. Weka ndoo ya maji juu ya meza, zamisha ncha moja, fyonza ncha ya pili mpaka maji yatoke mfululizo. Tia chai ya rangi kidogo ili uyaone maji vizuri.

Sasa yale ambayo watu hawaambiwi. Kwanza, hewa. Kipovu kimoja kikibaki katikati ya mpira kinakudanganya kwa sentimita kadhaa, na huwezi kujua. Kila unapoanza, leta ncha zote mbili pamoja, uzishike sambamba: maji yakiwa usawa mmoja, endelea, yasipokuwa, gonga mpira kwa vidole kuanzia ncha moja hadi ya pili mpaka kipovu kitoke. Pili, unapotembea ziba ncha zote mbili kwa kidole gumba, na ukifika ziachie zote. Mmoja akiachia na mwenzake bado amebana, maji hayatulii sawa. Tatu, mpira usijikunje wala usikanyagwe. Nne, pima asubuhi. Mpira uliolala nusu juani nusu kivulini unaleta tofauti ndogo ambayo kwenye ua mrefu inakera. Tano, maji yakimwagika kidogo usiogope, ila soma ncha zote upya, usichanganye kipimo cha kabla na cha baada.

Simamisha ncha moja kwenye kibaraza, nyingine chini karibu na geti. Kila upande pima kutoka ardhini hadi usawa wa maji. Tuseme juu umepata sm 90 na chini sm 132, umbali mita 12. Ua unashuka sm 42, yaani sm 3.5 kwa kila mita. Andika. Pima tena kila mita tatu, kwa sababu ua haushuki sawasawa. Kuna tumbo mahali fulani, na tumbo ndilo linalogeuka dimbwi.

*Kugawa ngazi.* Pevingi au sakafu ya kukaa inataka kushuka sm 1 hadi 2 kwa mita, daima ikielekea mbali na ukuta wa nyumba. Ikizidi hapo, meza inayumba na vikombe vinahama. Kiwanja kikiwa na mteremko mkali, usilazimishe sakafu moja kubwa, gawa ngazi mbili au tatu, yaani vipande bapa vya ardhi, kila kimoja kikishikwa na ukuta wake. Ngazi fupi nyingi ni salama kuliko moja ndefu. Hili naligombania na mafundi ujenzi kila mara, maana wao wanapenda ukuta mmoja mrefu wenye zege.

Kwa ngazi zisizozidi sm 60 hadi 80, mimi najenga kwa mawe makavu bila saruji. Chimba mtaro wa sm 20 hadi 30, anza na mawe makubwa kuliko yote, kitako kiwe na upana wa angalau nusu ya kimo cha ukuta. Ukuta uegemee nyuma, kuelekea mlima, sm 10 hadi 15 kwa kila mita ya kimo. Kila jiwe likalie mawili, na hapa na pale liwepo jiwe refu linaloingia ndani kabisa ya udongo. Nyuma jaza kokoto kwanza, upana wa kiganja na zaidi, ndipo udongo ufuate. Ukuta mkavu unapumua, maji yanapita katikati yake na hayasukumi.

Ukiamua kutumia saruji, acha matundu ya maji karibu na kitako, kila mita moja na nusu hadi mbili, kwa vipande vya bomba. Kuta nyingi zinazoanguka Februari zilikuwa na saruji ya kutosha. Kilichokosekana ni tundu. Maji yanajaa nyuma, udongo unakuwa mzito, ukuta unasukumwa. Na ukuta unaozidi mita moja si kazi yangu wala yako. Tafuta mhandisi, hasa kama juu yake kuna nyumba au linapita gari.

Mwenye jabali kiwanjani, kama wengi wa Iringa, asilipasue. Watu watakuja kukuambia walichome moto lipasuke uuze kokoto. Liache. Jioni lile jiwe linabaki na joto la mchana, na ni kiti ambacho huwezi kukinunua.

*Maji yaende wapi.* Weka gata, elekeza kwenye tenki, na tenki likijaa liwe na njia ya kumwaga. Hiyo njia ya kumwaga ndiyo inayosahaulika. Juu ya ua chimba mtaro wa kukinga unaokatiza mteremko, uyapeleke maji pembeni mpaka mtaro wa barabara. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini. Ugomvi wa maji unadumu kuliko wa mipaka, na mjumbe atakuja kukaa kwenye hicho kiti chako kipya kuusuluhisha.

Kazi hii ifanyike Agosti hadi Oktoba, ardhi ikiwa kavu. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, toka nje na mwavuli uangalie yanapita wapi. Rekebisha palepale kwa jembe. Ukisubiri yakauke utasahau.

Hatua ya 3: Sakafu na njia

Tofali la kuchoma. Lipo kila mahali, rangi yake inakubaliana na udongo wetu, na likivunjika unabadilisha moja. Chagua kwa kugonganisha mawili: likilia kama chuma chukua, likitoa sauti ya bubu acha, litayeyuka mvua ya kwanza. Tandika moramu, shindilia, mchanga sm 5, panga, ziba nafasi kwa mchanga. Vigae vya ndani visitoke nje, vinateleza kwa umande.

Hatua ya 4: Uzio wa miti

Upande wa kusini-mashariki panda miti ya kuzuia upepo. Ukuta mtupu unaurusha upepo juu kisha unauangusha upande wa pili kwa nguvu. Uzio wa majani unauchuja. Msaipresi ukikatwa mara kwa mara unafanya kazi hiyo vizuri, na michongoma inazuia pia mbuzi na wezi. Mnyaa sishauri penye watoto, utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali. Mkaratusi peleka shambani, karibu na nyumba unakunywa maji yote na matawi yake hukatika kwa upepo. Parachichi lipe mita 5 au zaidi kutoka ukutani. Chochote kirefu kisikae chini ya waya za umeme, na kisikae kaskazini mwa viti vyako, maana utakuwa umelifukuza jua ulilolitafuta hatua ya kwanza.

Walio Makete, Njombe na juu Uporoto wana jalidi, baridi inayogandisha umande, kati ya Juni na Agosti. Hewa baridi inatiririka kuelekea bondeni kama maji, hivyo migomba na mipapai ikae ngazi ya juu, isikae shimoni.

Hatua ya 5: Nyasi na maua

Ukoka. Vipandikizi, sm 15 hadi 20 kati yake, Desemba udongo ukishalowa. Basi.

Maua mtachagua wenyewe, huku karibu kila kitu kinachoomba ubaridi kinakubali: mawaridi, agapanto, kana, haidrenjia upande ule wa kusini wenye kivuli. Ombi moja tu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na iliwekwa kwa ajili ya maua yake. Watu wanachimba okidi kule, wengine kwa ajili ya viazi vyake vinavyouzwa Zambia. Mtu akikuletea mche wa "Kitulo halisi" kwenye mfuko, usinunue. Ni kosa, na tena ukitolewa pale kwa kawaida hauishi.

Hatua ya 6: Moto wa jioni

Jua likizama, bila moto mtarudi ndani. Pima mduara wa mita moja, chimba sm 30, zungushia tofali za kuchoma zilizolia vizuri. Usitumie mawe ya mtoni: yana maji ndani, yakipata moto hupasuka na kurusha vipande. Shimo liwe mita 3 au zaidi kutoka nyumba, nguzo na paa, na upepo utoke mgongoni mwa nyumba kuelekea nje, la sivyo moshi utaishia sebuleni. Chini weka kokoto ili mvua isigeuze shimo kuwa bwawa.

Viti vya mbao za paini kutoka Mafinga ni bei nafuu, ila miguu yake isiguse udongo. Paka dawa ya mbao kabla ya kuunga, hasa zile ncha zilizokatwa kwa msumeno, kwa sababu maji yanaanzia kuingia hapo. Oili chafu inasaidia mbao, lakini kwenye viti haifai, itahamia kwenye nguo za wageni.